Dhamana ya Dawa: Kutoka Uhehe hata kwa Tabibu wa Mtandaoni

Historia ya uganga katika nyanda za juu za kusini huandikwa aghalabu kama historia ya dawa: mizizi ikatangulia, sindano ikafuata, vidonge vikaja nyuma. Makala hii yataka kuitazama historia hiyohiyo kwa upande wa dhamana. Mtu aliyeugua, au aliyeuguliwa na mwanawe, hakuanza kwa kuuliza dawa imetengenezwa kwa nini. Alianza kwa kuuliza aitoaye ni nani, anakaa wapi, na ikileta madhara ataulizwa nani. Swali hilo lina umri mkubwa katika Uhehe. Limerudi leo katika sura ngeni, kwa kuwa kijana aliyezaliwa Kalenga aweza sasa kuketi peke yake katika chumba cha kupanga ugenini, akaandikiwa dawa ya akili na tabibu ambaye hakupata kumwona ila katika kioo cha simu.

Kalenga iko kiasi cha kilometa 15 kutoka mji wa Iringa, kando ya mto Ruaha Mdogo. Ngome ya Mtwa Mkwawa iliyokuwa hapo ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, naye mwenyewe akajiua mwezi wa Julai 1898 asipate kukamatwa. Juu ya kilima kinachotazama bonde hilo ipo misheni ya Tosamaganga. Msomaji wa pwani alisikiapo jina hili hudhani limetoka katika uganga. Wenyeji husimulia kwamba maana yake ni kurusha mawe, nayo ni kumbukumbu ya mizinga iliyoipiga ngome. Hospitali ya misheni ingali ikifanya kazi kilimani, na wagonjwa wa Kalenga hupanda kwenda kutibiwa upande ule ule ambako, kwa masimulizi hayo, mizinga ilitoka.

Mahali hapa panajua vema maana ya kupokea kitu kilichotoka mbali kwa neno la mtu mwingine. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliidai Ujerumani kichwa cha Mkwawa. Kichwa hakikuonekana kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1953 Sir Edward Twining, Gavana wa Tanganyika, alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen palipokuwa na mafuvu mengi, akalitenga moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Wako wanahistoria walioutilia shaka uchaguzi huo, wala sina nia ya kuufufua ubishi wao hapa. Ninalotaka lionekane ni kwamba vipimo vilifanywa Bremen, lakini kukubalika kulifanywa Kalenga, mbele ya chifu na wazee ambao kila mtu aliwajua kwa majina. Pasipo wao namba za Twining zingebaki namba.

Katika mambo ya dawa, mfano mkubwa wa dhamana iliyokatika ni vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliitoa maji yake katika Umatumbi, na watu wa kwanza walisafiri kumwendea wenyewe, wakamwona, wakamsikia. Baadaye maji yalipelekwa na wajumbe walioitwa hongo, wakayachukua kutoka nchi moja hata nyingine. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilikuwa vichanga bado. Na Wabena walioishambulia misheni ya Yakobi mwezi wa Septemba mwaka huohuo waliitumainia dawa ambayo mtoaji wake alikuwa amekwisha kufa kwa majuma kadhaa. Risasi zilipopenya hapakuwa na wa kuulizwa. Wahehe, waliokuwa wametoka katika vita vyao miaka saba tu kabla, hawakujiunga. Sababu zao zilikuwa nyingi, na nyingine ni za siasa. Sidai kwamba walikataa kwa sababu ya kuichunguza dawa. Hata hivyo mtu akitaka kujua ni hatari gani iliyomo katika dawa inayosafiri mbali na mwenyewe, hana haja ya kwenda nje ya nyanda hizi.

Waganga wa Uhehe walikuwa na njia nyingine, na bahati nzuri mmoja wao ameandikwa. Robert Edgerton, Mmarekani wa elimu ya binadamu, aliyefanya utafiti katika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1971 makala juu ya mganga wa Kihehe anayeitwa humo Abedi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutibu wenye maradhi ya akili. Abedi aliamini uchawi kama walivyoamini jirani zake. Lakini alipofika kwenye mizizi na majani alikuwa mtu wa majaribio: alitazama dawa ifanyavyo, akaiacha isiyofaa, akaishika iliyofaa. Jambo hili ndilo lililomstaajabisha mtafiti, nalo latupasa kulitilia maanani, maana kuna watu hata leo wanaodhani kwamba majaribio ya dawa yaliletwa kwa meli.

Kabla yake, mwaka 1964, Edgerton na mwenzake Edgar Winans walikuwa wameandika juu ya litego, yaani dawa ya Kihehe ya kulipiza haki, ambayo humpata mkosaji kwa maradhi. Mwenye kupatwa hutakiwa kulitambua kosa na kulilipa. Basi mganga wa Uhehe alipoletewa mgonjwa wa akili hakuweza kumtibu kwa kumtazama yeye peke yake. Ilimpasa awaulize jamaa: alianza lini, alikuwaje utotoni, amegombana na nani, nyumbani yukoje na shambani yukoje. Mgonjwa aliletwa na watu, na watu hao ndio waliokuwa ushahidi wa ugonjwa na ushahidi wa kupona. Naomba msomaji aliweke hili akilini, maana tutalihitaji mbele.

Serikali za kigeni zilileta mtindo wa kumtenga mgonjwa na jamaa zake. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili huko Lutindi, katika Usambara. Waingereza nao, katika miaka ya 1920, walifungua hospitali ya Dodoma inayojulikana sasa kwa jina la Mirembe. Kutoka Iringa hata Dodoma ni kilometa zipatazo 260, na zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi na matope. Aliyepelekwa huko hakupelekwa kwa kuwa hatulii darasani. Alipelekwa kwa kuwa kijiji kimeshindwa naye. Ndiyo sababu jina la Mirembe, ambalo kwa asili yake ni jina la amani, limekuwa katika vinywa vya watu jina la kutishia watoto. Kati ya mtoto msumbufu na mtu wa kufungwa kamba palikuwa na uwanja mpana usio na tabibu, na uwanja huo ulijazwa na fimbo.

Upande wa mashariki wa nyanda zetu, katika Mahenge ya Wapogoro, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha yapata mwaka 1960 zahanati ya wenye kifafa. Alikuta wagonjwa wametengwa, wengine wana makovu ya moto, kwa sababu watu waliogopa kumgusa mwenye kuanguka. Dawa aliyotumia, fenobabitali, ilikuwa ya kawaida na ya bei ndogo. Ugumu ulikuwa mwingine kabisa. Dawa hiyo haina budi kumezwa kila siku, mgonjwa ajisikie vema asijisikie; na akiikatiza ghafla, kifafa huweza kumrudia kwa nguvu ya kuua. Basi aliyeianzisha alikuwa amefunga mkataba wa miaka mingi na kila mgonjwa. Zahanati iliendelea baada ya yeye kwenda zake, na kwa maoni yangu kuendelea huko ni sifa kubwa kuliko kuanzishwa kwake.

Sasa tuje kwenye maradhi yaliyonifanya niandike. Waingereza huyaita kwa herufi nne, ADHD; kwa Kiswahili twaweza kusema ni upungufu wa makini pamoja na utukutu uliozidi kiasi. Lugha yetu haikukosa maneno ya kumtaja mtu wa namna hii: mtukutu, machachari, mwenye mapepe, asiyetulia, na juu ya yote mtundu. Lakini maneno yote haya ni ya tabia, hakuna hata moja lililo la maradhi. Katika Kiswahili mtundu hupewa adhabu, na mgonjwa hupewa dawa, na mtu hawezi kuwa yote mawili kwa pamoja. Zaidi ya hayo neno utundu lina uso wa pili wa sifa, kwa kuwa fundi mwenye ubunifu naye husifiwa utundu wake. Mwalimu aandikapo katika ripoti kwamba mtoto ni mtundu, huenda anamlaumu na huenda, pasipo kukusudia, anampamba.

Ulaya nako hawakuanza na maradhi. Mwaka 1902 daktari George Still alitoa mihadhara mitatu London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia, akaliita jambo lao upungufu wa kujitawala kimaadili. Hiyo nayo ni lugha ya tabia. Mwaka 1937 Charles Bradley, katika hospitali ya watoto ya Rhode Island, Marekani, aliwapa baadhi yao Benzedrine, dawa ya jamii ya amfetamini, akashangaa kuona kwamba dawa ya kuchangamsha inawatuliza na kuwafanya wasome. Methilifenidati ilitengenezwa mwaka 1944, ikauzwa kwa jina la Ritalin. Tangu hapo dawa za kuchangamsha ubongo zimekuwa tiba ya kwanza ya maradhi haya. Na kwa kuwa wako watu wanaozitumia kwa ulevi, zimewekwa chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaosimamia dawa za akili. Shirika la Afya Duniani lilipoombwa mwaka 2019, na tena mwaka 2021, kuiingiza methilifenidati katika orodha yake ya dawa muhimu, lilikataa.

Pembeni mwa hizo zilikua dawa nyingine zisizo za kuchangamsha, na historia yake ina mambo ya bahati. Klonidini ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kufungua pua iliyoziba, ikaonekana kwamba inashusha shinikizo la damu. Baadaye sana ikaonekana kwamba inawatuliza watoto watukutu. Guanfasini, ndugu yake, ilipita njia hiyohiyo ya shinikizo la damu. Atomoksetini ilijaribiwa kwanza kuwa dawa ya huzuni, ikashindwa, kisha ikakubaliwa Marekani mwaka 2002 kuwa dawa ya kwanza ya maradhi haya isiyo ya kuchangamsha. Mwaka 2021 ilifuata viloksazini, ambayo huko Ulaya ilikuwa imetumika zamani kwa huzuni.

Tabia ya dawa hizi hufanana na ile ya dawa ya Mahenge kuliko ile ya Ritalin. Ritalin hufanya kazi siku ileile iliyomezwa. Atomoksetini yataka majuma kadhaa kabla ya mtu kujua kama imemfaa, na katika muda huo yaweza kumletea kichefuchefu, mapigo ya moyo ya haraka na shinikizo la damu lililopanda. Tangu mwaka 2005 imebeba onyo kwamba yaweza kuwaletea baadhi ya watoto na vijana mawazo ya kujiua. Mara chache huumiza ini. Na hupanda mno katika damu ya mtu anayetumia dawa fulani za huzuni, mathalan fluoksetini. Guanfasini na klonidini huleta usingizi na kushusha shinikizo, na mwenye kuziacha ghafla huweza kupatwa na shinikizo la kupanda kwa kasi. Kwa hiyo aziandikaye hana budi kumpima mgonjwa kabla, kumpima tena, kuongeza kipimo polepole, na kuwapo siku mgonjwa atakapotaka kuacha.

Hapa ndipo penye fumbo ambalo wanunuzi wengi hawalioni. Sheria imelinda zaidi palipo na ulevi. Marekani ilipitisha mwaka 2008 sheria yenye jina la Ryan Haight, kijana aliyekufa mwaka 2001 kwa dawa za maumivu alizozipata kwa njia ya mtandao. Sheria hiyo ilitaka daktari amwone mgonjwa ana kwa ana kabla ya kumwandikia dawa zinazodhibitiwa. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, makampuni ya utabibu wa mtandaoni yakastawi, na matokeo yamejulikana: kampuni ya Cerebral iliacha mwaka 2022 kuandika dawa nyingi za namna hiyo, na mkuu wa kampuni ya Done alikamatwa mwezi wa Juni 2024 kwa mashtaka ya kugawa dawa za kuchangamsha kinyume cha sheria. Lakini dawa zisizo za kuchangamsha hazikuwamo katika sharti hilo tangu mwanzo. Mtu aweza kuandikiwa kwa video, au hata kwa majibu ya karatasi ya maswali, na barua ikamletea kopo mlangoni. Basi dawa inayohitaji uangalizi wa muda mrefu ndiyo iliyoachwa mikononi mwa mnunuzi mwenyewe, kwa kuwa tu hailevyi. Mnunuzi husikia kwamba si dawa ya kudhibitiwa, akaelewa kwamba si dawa ya kuogopwa.

Mambo haya yalinifikia kwa njia ya kazi yangu. Mwanafunzi wetu wa zamani, mzaliwa wa jirani na Kalenga, anafanya kazi ya kutunza wazee huko England. Kazi yake ni pamoja na kuwapa wazee dawa zao kwa saa zilizowekwa, na alikuwa amekwisha kusahau mara mbili. Alionywa kwamba mara ya tatu ataondolewa. Na kibali chake cha kukaa nchini kilitegemea kazi hiyo. Daktari wa mtaa wake alimwambia kuwa foleni ya kupimwa maradhi haya ni ya miaka. Aliniandikia akiniomba nimtafsirie ripoti zake za shule ya msingi, pamoja na maelezo ya baba yake, kwa kuwa sharti mojawapo la utambuzi, kama lilivyowekwa na madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, ni kwamba dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena mahali zaidi ya pamoja, mfano nyumbani na shuleni.

Ripoti zilikuwa tatu. Katika zote mwalimu wa darasa ameandika kwamba mtoto ni mtundu, ana akili lakini hatulii, anaanza kazi asimalize. Nilikaa na neno mtundu kwa jioni nzima. Ningelitafsiri kwa neno la Kiingereza la mtoto mkorofi, tabibu angesoma ukorofi. Ningelitafsiri kwa neno la maradhi, ningekuwa nimemtibu mimi. Mwishowe niliandika sentensi mbili za maelezo mahali pa neno moja. Baba yake, mzee wa makamo aliyeniita Mwalimu kila baada ya maneno matatu, alinieleza kwa simu mambo mengi ya faida: mwana aliyepelekwa kuchunga akarudi bila ng'ombe, aliyetumwa chumvi akaonekana jioni akitengeneza lambo mtoni. Kisha aliniuliza huyo daktari ni wa wapi, na iwapo dawa itamdhuru mtoto, yeye mzazi atakwenda kwa nani. Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, nikamwahidi kwamba tutauliza.

Kijana mwenyewe alikwisha amua kwamba hataki dawa za kuchangamsha, kwa sababu ambayo vitabu vya utabibu havitaji mara nyingi lakini Mwafrika wa Mashariki aishiye nje huielewa mara moja: hakutaka kuwa na dawa inayodhibitiwa katika mkoba wake kila apitapo uwanja wa ndege kuja kuzika au kuoa nyumbani. Mbele yake palikuwa na zahanati mbili za mtandaoni. Ya kwanza ilimpa maswali ya kujaza, mazungumzo ya muda usiofika nusu saa, na dawa ndani ya juma. Ripoti zangu hazikuwa na mahali pa kuwekwa katika fomu yake. Ya pili ilizitaka ripoti, ikataka kuzungumza na baba kwa njia ya mkalimani, ikauliza uzito, shinikizo la damu, maradhi ya moyo katika ukoo na dawa nyinginezo anazotumia. Nayo ilikuwa na foleni ya miezi.

Alichagua ya kwanza, na mtu asiyewahi kuogopa kufukuzwa kazi ugenini asimhukumu upesi. Alipewa atomoksetini. Ilimfaa kiasi. Mwezi wa nne zahanati ilimwambia amwombe daktari wake wa mtaa aichukue kazi ya kuendelea kumwandikia, kama ilivyo desturi ya huko ya madaktari wawili kushirikiana mgonjwa mmoja. Daktari wa mtaa alikataa, akisema hawezi kuweka sahihi yake juu ya utambuzi ambao hakuona ulivyofanywa, tena hapakuwa na kipimo chochote cha shinikizo la damu katika karatasi. Zahanati ilipoandikiwa ilijibu kwa ujumbe wa mashine. Dawa ikaisha. Kwa bahati, atomoksetini haina hatari ya kuachwa ghafla kama aliyo nayo guanfasini. Kijana alipoteza faida aliyokwisha kuipata, akarudi kuandikisha jina lake katika zahanati ile ya pili, na barua yangu ya tafsiri ikatumwa tena.

Nikiitazama habari hiyo kwa jicho la historia naona kwamba zahanati ya pili, pamoja na mitambo yake yote, ilifanya kazi ya Abedi: iliita jamaa, ikauliza utoto, ikapima, ikakubali kuulizwa. Ya kwanza ilifanya kazi ya hongo. Wala tofauti yao haikuwa kioo cha simu, kwa kuwa zote mbili zilikuwa ndani ya kioo hicho. Wapo wanaosema tabibu wa mtandaoni ni wa kukataliwa kabisa, nami sikubaliani nao. Katika nchi zenye madaktari wachache wa akili, na katika miji ya Ulaya yenye foleni za miaka, yeye huweza kuwa ndiye tabibu pekee. Lakini achaguliwe kwa maswali ya mzee wa Kalenga. Jina lake limo katika daftari la serikali la madaktari wa nchi ambamo mgonjwa yumo? Uingereza daftari hilo liko wazi kwa kila mtu, na zahanati za England zina tume yake ya ukaguzi. Anaomba ushahidi wa utoto, au anatosheka na kadi ya benki? Nani atapima shinikizo la damu, na lini? Duka litakalotuma dawa limesajiliwa wapi? Daktari wa karibu na mgonjwa amekubali kabla, au ataombwa baadaye? Na habari za mgonjwa zitawekwa wapi? Hili la mwisho watu hulipuuza, ingawa mwaka 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Cerebral kwa kuwapa watangazaji habari za siri za watu karibu milioni 3.2.

Wepesi wa bei si ushahidi, na ushuhuda wa wengi si dhamana. Tanzania ililiona hilo mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge katika Loliondo kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Bei ile ndogo ndiyo iliyowathibitishia wengi kwamba mzee hatafuti mali, na sina sababu ya kudhani kwamba alikuwa akitafuta. Hata hivyo wako waliokwenda huko na kuacha vidonge walivyokuwa wakimeza kila siku. Lakini yule mzee alikuwapo. Aliyetaka kumuuliza alimkuta chini ya mti wake hata alipofariki mwezi wa Julai 2021. Matangazo ya dawa za akili yanayozunguka leo katika simu zetu yana ushuhuda mwingi kuliko wa Samunge, na mti hayana.

Nyumbani vyombo vya dhamana vipo. Sheria ya mwaka 2017 inawasimamia madaktari kwa njia ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Baraza la Famasi linawasimamia wenye maduka ya dawa. Na mamlaka ya dawa, iliyobadilishwa jina mwaka 2019 kuwa TMDA, husajili dawa zinazoruhusiwa kuuzwa. Hata duka dogo la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, lina cheti ukutani na mtu aliyefunzwa nyuma ya meza. Mzazi wa Kalenga mwenye mtoto asiyetulia aweza kuanzia zahanati ya kijiji, akapanda Tosamaganga, akaenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Iringa, na ikibidi hospitali ya kanda Mbeya au Mirembe. Njia hiyo ni ndefu na nauli yake ni kubwa, lakini kila kituo kina mlango wa kubisha. Njiani humo watamwangalia mtoto masikio, usingizi, kifafa na malaria zilizomkalia kichwani, mambo ambayo yote huweza kumfanya aonekane mtundu.

Lililobaki nje ya vyombo hivyo ni mzazi yuleyule kulipa kwa simu kwa tabibu aliye nchi nyingine, akatumiwa dawa kwa basi ndani ya mfuko usio na jina. Daftari la Dar es Salaam halimjui tabibu huyo, na la kwao, kama limo jina lake, halimjui mtoto wa Kalenga. Mzee wa kijana wetu ameniuliza tena juzi, safari hii kwa ajili ya mjukuu wake wa darasa la tatu, ambaye ripoti yake ya muhula huu imeandikwa neno lilelile. Nimemwambia ampeleke kwanza Tosamaganga, aende na mwalimu wa darasa kama mwalimu atakubali, na ripoti zote azichukue.